Dawa za Kuvuta kwa Wenye Kifua: Ipi Inafanya Nini?

Ukifika Malaba asubuhi utapata malori yamejipanga kuelekea upande wa Uganda. Injini zinanguruma, moshi unatoka chini chini, na katikati ya malori hayo akina mama wameweka majiko yao ya makaa, wanachoma mahindi na kuchemshia madereva chai. Januari 2022, wakati wa ule mvutano juu ya vipimo vya Korona, foleni ilinyooka kilomita nyingi na kukaa siku kadhaa. Wauzaji wengine walifurahi kwa sababu wateja walikuwa hawana mahali pa kwenda. Vifua vyao havikufurahi.

Mama mmoja wa hapo, mwanachama wa kikundi tunachokitembelea, alinifungulia fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe, inhela ya rangi ya buluu, na boksi la kapsuli pamoja na kifaa chake cha plastiki. Vidonge alinunua Busia, inhela aliachiwa na shemeji yake, kapsuli zilitoka ng'ambo. "Daktari," akaniambia (mimi si daktari, lakini huku ukibeba tu mkoba wa dawa unaitwa hivyo), "kati ya hizi tatu ipi ndiyo kali? Nataka nishike moja niache zingine, pesa hakuna."

Nikamwuliza, "Mama, kila moja unaitumiaje?" Kidonge asubuhi na jioni. Ile ya buluu akipandisha kilima na mtungi wa maji. Na kapsuli je?

"Hizo nameza na uji."

Kumbe kapsuli hizo si za kumeza. Ndani yake mna unga wa kuvutwa kwa mdomo mpaka kwenye mapafu. Unaweka kapsuli kwenye kifaa, kifaa kinaitoboa, wewe unavuta. Kwa miezi miwili mama huyu alikuwa amekula dawa ya bei ghali pamoja na uji wa wimbi, na kifuani hakuna kilichofika cha maana. Wala si yeye peke yake. Kosa hili liko nchi nyingi, na watengenezaji wanaandika onyo kwenye boksi, ila wanaliandika kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Swali lake ni zuri na vikundi vingi vimekuwa vikiliuliza, kwa hiyo tumelipa nafasi kubwa katika toleo hili.

MRIJA ULIOZIBA

Wasomaji wetu wa Teso watanielewa haraka nikitoa mfano wa ajono. (Mhariri anisamehe, ni mfano tu.) Watu wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija ukiwa safi unavuta bila hata kufikiria. Lakini mtu akiufinya mrija wako kwa vidole, utavuta mpaka mashavu yaingie ndani. Akiachilia, kinywaji kinapita tena. Na kuna mrija mwingine ambao umezeeka: umejaa machicha, umepondeka, umekunjika mahali pengine. Huo hata usipofinywa na mtu, hautarudi kuwa mpya.

Mapafu yetu yana mirija ya hewa namna hiyo. Pumu, au asma kama wengi wanavyosema, ni ule mrija unaofinywa na kuachiliwa. Mara nyingi huanza utotoni, huja na kwenda, husumbua usiku au wakati wa baridi na vumbi, na katikati mtu anaweza kuwa mzima kabisa. Mirija inakaza misuli yake, lakini pia imevimba kwa ndani. Hilo la kuvimba mlishike, tutalirudia.

Ugonjwa sugu wa mapafu ndio ule mrija wa machicha. Huja polepole baada ya miaka mingi ya kuvuta sigara au moshi wa kuni. Mtu anakohoa kila asubuhi, anatoa makohozi, na kila mwaka kilima kilekile kinakuwa kirefu zaidi. Mama wa Malaba hajawahi kuvuta sigara. Ila alikaa miaka mingi kwenye banda la kukaushia tumbaku la mumewe kule Teso, akichochea kuni usiku, halafu jikoni, halafu barabarani. Wenzetu walioko Samia wanaokausha samaki kwa moshi wako kwenye safari ileile.

Msidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Watafiti walipopima vijiji vya Masindi, Uganda, na kuchapisha matokeo mwaka 2015, walipata watu 16 katika kila 100 wenye umri wa kuanzia miaka 30 wakiwa nao, na wanawake walikuwa wengi kama wanaume. Karibu wote walikuwa wanapikia kuni au makaa.

Kabla ya inhela yoyote, hata hivyo, kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe makohozi kwanza kwa sababu ya TB. Na aliyetibiwa TB akapona anaweza kubaki na mirija iliyoharibika. Anapumua kwa shida, lakini si lazima iwe TB imerudi. Kipimo cha kutenganisha haya yote ni kupuliza kwa nguvu kwenye mashine inayoonyesha hewa inatoka kiasi gani na kwa kasi gani. Si kila dispensari inayo. Uliza kwenye hospitali kubwa za kaunti, na usichoke kuuliza.

KIDONGE AU MPULIZO?

Vile vidonge vyeupe vya mama vilikuwa salbutamol. Ile inhela ya buluu nayo ilikuwa salbutamol. Dawa ni ileile, ila njia ya kuingia mwilini ndiyo inayotofautiana.

Hesabu yake ni hii. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina maikrogramu 4,000. Mpulizo mmoja wa inhela una maikrogramu 100. Yaani kidonge kimoja ni sawa na mipulizo 40! Na bado mpulizo unafanya kazi haraka zaidi, ndani ya dakika chache, kwa sababu unafika mahali penyewe. Kidonge kinapitia tumbo, kinaingia damu, kinazunguka mwili mzima. Njiani kinatikisa mikono na kuufanya moyo upige kama ngoma, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika kwenye mirija. Mama alikuwa anafikiri kutetemeka ni dalili kwamba dawa ni kali na inafanya kazi. Watu wengi wanafikiri hivyo. Kutetemeka ni dawa iliyopotea njia.

Kwa hiyo kati ya kidonge na mpulizo hakuna mashindano. Kidonge cha salbutamol kinapendwa kwa sababu ni rahisi kununua moja moja, hakuna sababu nyingine.

Hata hivyo msichanganye na prednisolone. Hicho ni kidonge kingine, ambacho daktari hutoa kwa siku chache mtu akizidiwa sana, na kina nafasi yake. Kukila mwezi baada ya mwezi kwa kujinunulia ndiko kunakoleta kisukari, mifupa dhaifu na uso kuvimba.

INAYOFUNGUA NA INAYOZUIA

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka ya nyuma, katika semina moja ya vijana wa boda boda pale Busia, nilisimama nikasema ile inhela ya buluu ndiyo dawa, na ile ya kahawia ni dhaifu, ya watoto, mtu anaivuta na hasikii kitu. Nilikuwa nimesikia hivyo kwa wengine na sikujisumbua kuuliza. Katika kikundi kile kulikuwa na kijana mwenye pumu tangu utotoni. Alikuwa ananunua kopo la buluu kila mwezi, wakati mwingine kabla mwezi haujaisha. Alifanya kazi hiyo iliyozaliwa hapa hapa mpakani, ya kupeleka watu kutoka boda mpaka boda, na kopo lilikaa mfukoni mwake kama simu. Usiku mmoja alivuta, akavuta tena, wakangoja kupambazuke ndipo watafute gari. Hakufika asubuhi.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na ndiyo sababu naandika sehemu hii kirefu.

Salbutamol inaachisha misuli inayofinya mrija. Inafungua kwa saa nne hadi sita, basi. Haigusi ule uvimbe wa ndani. Mtu anasikia nafuu, anadhani amepona, huku ndani uvimbe unaongezeka, mpaka siku mrija unafungwa na uvimbe na ute, na hakuna tena misuli ya kuachisha. Dawa inayopunguza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beclometasone au budesonide. Ukiivuta leo husikii kitu leo. Inahitaji siku na wiki, kila siku, hata ukiwa mzima. Ndiyo maana watu wanaidharau kama nilivyoidharau mimi. (Na steroidi hii si ile ya wanyanyua vyuma. Kipimo chake ni kidogo. Sukutua mdomo kwa maji na uteme baada ya kuivuta, usije ukapata utando mweupe mdomoni.)

Dunia ililipa ada kubwa kujifunza hili. Huko New Zealand vifo vya pumu vilipanda ghafla kuanzia 1976, mwaka ambao inhela ya fenoterol, ndugu ya salbutamol lakini yenye nguvu zaidi, iliingia sokoni. Ilipowekewa mipaka mwaka 1989, vifo vikashuka. Tangu 2019 wataalamu wa pumu duniani, wanaotoa mwongozo uitwao GINA, wanasema mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake, hata kama pumu yake ni ndogo. Wanatoa pia kipimo ambacho hata mtunza hazina wa kikundi anaweza kukifuata: anayemaliza makopo 3 ya salbutamol yenye mipulizo 200 kwa mwaka tayari yuko kwenye hatari ya kuzidiwa. Anayemaliza 12, yaani kopo kila mwezi, yuko kwenye hatari ya kufa.

Kuna inhela moja inayobeba zote mbili pamoja: budesonide na formoterol. Formoterol inafungua haraka karibu kama salbutamol na inakaa saa 12, na kila ukiivuta unapata steroidi hapo hapo. Katika utafiti uliotolewa 2018, wenye pumu ndogo waliotumia inhela hiyo wakati wa kubanwa tu walipata mashambulizi makali machache kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kufungua peke yake. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017. Kwa mwenye pumu anayeweza kuipata, mimi naona ndiyo bora. Kopo moja, kazi mbili, na huwezi kusahau ya kahawia nyumbani. Asiyeipata atumie mbili, ya kuzuia kila siku na ya kufungua akibanwa.

Na rangi? Usiamini rangi. Hapa mpakani tunanunua pande mbili, na viwanda ni vingi. Buluu kwa kawaida ni salbutamol, kahawia au rangi ya machungwa kwa kawaida ni ya kuzuia, lakini si sheria. Soma jina la dawa lenyewe kwenye kopo, au mpe mtoto wa shule akusomee.

KWA MGONJWA WA MOSHI HESABU HUBADILIKA

Mama wa Malaba si mgonjwa wa pumu. Alipopuliza mashine, akapewa salbutamol, akapuliza tena, mirija yake ilifunguka kidogo sana. Ni mrija wa machicha. Kwake mpangilio wa dawa unageuka.

Kwa ugonjwa sugu wa mapafu, dawa ya msingi ni ya kufungua inayokaa muda mrefu. Ziko jamii mbili. Moja ni ya akina salmeterol na formoterol, ambao ni ndugu wa salbutamol, wanakaa saa 12. Nyingine ni tiotropium, inayokaa saa 24, unavuta mara moja kwa siku. Zimelinganishwa uso kwa uso. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 7,000 kwa mwaka mzima, na waliovuta tiotropium walikuwa na hatari ndogo ya kuzidiwa kwa asilimia 17 kuliko waliovuta salmeterol. Kapsuli za mama zilikuwa hizo hizo tiotropium. Yaani katika lile fundo la leso, dawa iliyomfaa kuliko zote ndiyo aliyokuwa anaimeza!

Kama zote ni nzuri, si wachanganye? Wamechanganya. Mwaka 2016, watu zaidi ya 3,000 waligawanywa: wengine walipewa dawa mbili za kufungua za muda mrefu pamoja, wengine salmeterol pamoja na steroidi. Wale wa kufungua mara mbili walizidiwa mara chache zaidi kwa asilimia 11. Mwaka 2018 watu zaidi ya 10,000 walijaribiwa kwa dawa tatu katika kifaa kimoja, na tatu zikashinda mbili kwa wale ambao walikuwa wanazidiwa mara kwa mara. Lakini kuna bei isiyo ya pesa. Katika utafiti huo, kama ule mkubwa wa 2007 uliodumu miaka mitatu, waliovuta steroidi walipata nimonia zaidi. Wengine wameona TB nayo ikiongezeka kidogo.

Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Eneo letu lina TB, lina Ukimwi, na vifua vimeshachoka. Kwa hiyo steroidi, ambayo kwa mwenye pumu ndiyo inayookoa maisha, kwa mgonjwa wa moshi ni ya kuongeza tu pale anapozidiwa mara kwa mara licha ya kufungua, au damu yake ikionyesha zile chembe zinazoitikia steroidi, au akiwa na pumu pia. Daktari aseme, si muuza duka.

Na kinyume chake ni hatari zaidi. Salmeterol au formoterol bila steroidi ni sawa kwa mzee wa moshi, lakini kwa kijana wa pumu imeleta vifo. Ndiyo sababu kupeana inhela nyumba kwa nyumba si ukarimu. Shemeji wa mama alikuwa na ugonjwa wake, mama ana wake.

Neno moja la tahadhari juu ya tafiti hizi zote. Karibu wote waliojaribiwa walikuwa watu waliovuta sigara miaka mingi, katika nchi zenye hospitali karibu. Mama aliyeharibiwa na kuni hakuwa kwenye hesabu yao. Tunatumia matokeo yao kwa sababu hatuna mengine bora, na mirija inafanana, lakini mtu akikwambia asilimia fulani kana kwamba alipima Malaba, mwulize.

Wazee wanaopewa tiotropium waseme mapema kama wana shida ya kukojoa au presha ya jicho, kwa maana inaweza kuizidisha. Mdomo kukauka ni kawaida. Na kama huna tiotropium wala hiyo mingine, salbutamol ya kuvuta bado inasaidia kupumua wakati wa kazi. Kilicho kidogo si bure. Ila hakuna mojawapo ya dawa hizi inayorudisha pafu lililokwisha kuharibika, na aliye karibu na moshi anamwaga maji kwenye debe lililotoboka.

KUVUTA KWENYEWE

Dawa nzuri ikivutwa vibaya inaishia kwenye ulimi. Inhela ya kopo, ile ya kubonyeza, ilianza kuuzwa 1956 huko Marekani. Inasemekana binti mwenye pumu wa bosi mmoja wa kiwanda cha dawa aliuliza kwa nini dawa yake isipulizwe kama manukato. Binti aliuliza vizuri, lakini kopo lile linapuliza kwa kasi kubwa kuliko tunavyovuta. Tikisa kopo. Toa pumzi yote. Weka mdomoni, anza kuvuta polepole, na hapo hapo bonyeza mara moja, uendelee kuvuta taratibu mpaka kifua kijae. Shika pumzi ukihesabu mpaka kumi. Ngoja nusu dakika au zaidi kabla ya mpulizo wa pili. Wengi wanabonyeza kwanza halafu wanavuta, au wanabonyeza mara mbili kwa pumzi moja.

Kifaa cha unga ni kinyume kabisa. Hicho hakipulizi, nguvu ni yako. Kwa vifaa vingi vya namna hii unavuta kwa nguvu na kwa haraka, kama unavyouvuta ule mrija wenye machicha. Baadhi, kama cha tiotropium, vinataka uvute kwa kina bila pupa mpaka usikie kapsuli inatikisika ndani. Usipulize ndani yake, pumzi yako ina maji na unga utashikana. Usikiweke karibu na sufuria. Mtu aliyebanwa sana, au mtoto mdogo, hana nguvu ya kuvuta unga, kwa hiyo huyo anafaa kopo.

Mashine ya umeme ya kugeuza dawa kuwa mvuke, ile nebulaiza, watu wanaiheshimu sana kwa sababu ya kelele yake. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kopo na spesa, yaani chombo cha kukaa kati ya kopo na mdomo, vinafanya kazi sawa nayo kwa wengi wanaozidiwa, bila stima.

Na spesa inaweza kutengenezwa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walijaribu chupa ya plastiki ya mililita 500, ile ya soda au maji, kwa watoto wenye pumu. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya sawasawa na spesa ya dukani. Kikombe chepesi cha plastiki kilishindwa. Fanyeni hivi: osheni chupa kwa maji ya sabuni, iacheni ijikaushe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa maana kusugua kunaifanya ivute dawa kwenye kuta zake. Chini kwenye kitako, choreni alama ya mdomo wa kopo, kisha toboeni kwa waya uliopashwa moto, tundu liwe la kubana. Ingizeni kopo, zibeni pembeni kwa gundi ya plasta. Midomo inakaa kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mpulizo mmoja, vuta pumzi tano au sita za kawaida kupitia chupa, kisha mpulizo mwingine. Ioshe kila wiki, na kila mgonjwa na chupa yake.

Mtu akizidiwa, asipoweza kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi au akianza kusinzia, mpeni salbutamol kwa chupa mipulizo 4 mpaka 10, mmoja mmoja, mrudie baada ya dakika 20, huku gari au pikipiki imeshaondoka naye kwenda hospitali. Msingoje kupambazuke.

PESA ZA KIKUNDI

Bei kwenye boksi inadanganya. Gawa kwa siku. Kopo la kuzuia lenye mipulizo 200, ukivuta miwili asubuhi na miwili jioni, ni siku 50, kwa hiyo mwaka unahitaji kama makopo 7 au 8. Tukisema kopo ni shilingi 500 (ni mfano tu, bei zinapanda na kushuka), hiyo ni shilingi 10 kwa siku. Kapsuli 30 za kuvuta mara moja kwa siku ni mwezi mmoja. Zile za mara mbili kwa siku ni siku 15 tu, ingawa boksi linafanana. Fanyeni hesabu hiyo kwa kemisti mbili tatu pande zote za mpaka, mkigeuza shilingi ya Uganda, halafu linganisheni na gharama ya kukodi gari usiku kupeleka mtu hospitali. Bima nayo: NHIF iliondoka na SHA ikaanza Oktoba 2024, kwa hiyo uliza kwenye kituo chako kama dawa iko kabla hujatoa pesa mfukoni.

Andika kwenye kopo tarehe uliyolianza. Kama halina kihesabio, siku ya 50 imekwisha, hata likitoa upepo. Ile mbinu ya kulitia kwenye maji kuona kama linaelea haisemi kweli, na inaziba mdomo wa kopo.

Kikundi cha mama wa Malaba kilikaa chini kikaamua mfuko wao wa wagonjwa umchangie kapsuli kwa mwezi mmoja mmoja, na yeye ahamishe jiko lake mbali na malori. La kwanza wamelitimiza, isipokuwa mwezi wa karo za shule. La pili bado wanabishana, kwa sababu wateja wako pale pale kwenye malori. Kilima cha kisimani anakipanda sasa kwa kusimama mara moja badala ya mara tatu.

Vikundi vitakavyotaka kuonyeshwa kutengeneza spesa, tutakuja kwenye mkutano wenu wa kawaida. Kila mwenye kifua aje na kopo lake, hata kama limekwisha, na chupa ya nusu lita iliyo kavu. Na njooni na dawa zote mlizo nazo nyumbani, hata zile za kwenye leso.